Nimeprinti pateni ya lesi sehemu tatu, duka la kopi ndo limeniliza

Jamani nianze na lawama kabisa maana nimekaa nazo rohoni wiki mbili sasa. Kama unasuka lesi ya bobini, au una mpango wa kuanza, usipeleke pateni yako duka la kopi halafu ukatoka bila kuipima. Mi nilitoka. Nikalipa, nikashukuru, nikaiweka kwenye bahasha ngumu isije ikakunjika kwenye basi, nikafika nyumbani na furaha zangu, kumbe nimebeba hasara. Na hasara yenyewe sikuijua siku ile wala wiki ile, nimeijua baada ya miezi miwili na nusu, vidole vishaota sugu.

Ngoja kwanza niwaweke sawa ambao hawaijui hii kazi, maana nikisema lesi watu wanawaza ile ya yadi ya kushonea gauni la harusi. Ile ni ya mashine. Hii ya bobini inasukwa kwa mkono juu ya mto mgumu. Juu ya mto unabana kadi yenye vitundu, hiyo ndo pateni, na uzi unauviringisha kwenye vijiti vyembamba vya mbao ndo bobini zenyewe (sio bobini ya cherehani, msichanganye), halafu unavisuka kwa jozi, huyu anavuka juu ya yule, huyu anajipinda na mwenzie, ukifika kwenye kitundu unachomeka pini ili msuko usifumuke, unaendelea. Kama umekua unamwangalia bibi anasuka ukili basi akili yake ni ile ile, miaa inapishana juu chini juu chini na mkono unajua wenyewe, ila hapa miaa ni nyuzi, zinaweza zikawa 30 au 60 au hata mamia, na kinachoshika umbo sio mkono wako, ni pini. Na pini inakaa pale kitundu kilipo. Na kitundu kiko pale printa ilipoweka nukta. Nadhani mmeshaanza kuona balaa linatokea wapi.

Mi naishi Bedford, Uingereza, mwaka wa tisa huu, na kwa bahati nzuri (au mbaya kwa pochi yangu) hapa ndo kwenyewe. Huku na kwa majirani wetu Buckinghamshire na Northamptonshire wanawake na watoto walisuka lesi majumbani kwa karne na karne, mpaka mashine zikaja kuwanyang'anya tonge, maana jamaa mmoja John Heathcoat alisajili mashine yake ya kutengeneza wavu wa lesi mwaka 1809 na baada ya hapo mambo hayakuwa tena yale yale. Kuna makumbusho hapa mjini yanaitwa The Higgins, mi niliingia mara ya kwanza kukimbia mvua tu wala sikuwa na nia nyingine, nikakutana na lesi za Thomas Lester, mfanyabiashara wa lesi wa hapa hapa Bedford aliyepeleka kazi zake kwenye yale maonyesho makubwa ya London ya 1851. Maua, ndege, majani, vyote ni uzi mweupe umesukwa kwa mkono. Nikasimama pale mpaka mvua ikaisha na mi bado nimesimama. Mwezi uliofuata nikajiunga na kina bibi wanaokutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa, mwalimu wetu ana miaka 80 na kitu, mkali, hacheki ovyo, ila akikushika mkono akakuonyesha husahau.

Kitu kingine kilichonivuta niseme ukweli ni bobini za huku. Zina shanga mwishoni! Duara zima la shanga kwenye waya, zinaongeza uzito ili uzi ukae umekaza na bobini isibiringike juu ya mto. Mtu wa pwani akisikia shanga zinagongana anajua mwenyewe anawaza nini, basi mi mwanzo nilikuwa najichekea peke yangu na kina bibi wa watu hawajui nacheka nini.

Haya sasa kazi yenyewe. Mtoto wa dada yangu kule Tanga anaolewa Desemba, akanipigia, mama mdogo naomba leso ya kushika siku ya nikaha lakini ya mkono wako, sitaki ya duka. (Leso namaanisha hankachifu, watu wa Mombasa msije mkaniuliza kanga imeingiaje hapa.) Nikanunua pateni ya ukingo, aina inayoitwa toshoni, ndo wanaanzia watu wengi maana nukta zake zimekaa kwenye miraba na mistari inakwenda mshazari, pembe ya digrii 45, haina kona kona za kukuchanganya. Jozi 16, yaani bobini 32, uzi wa kitani namba 60/2 (hiyo namba ndo unene wa uzi). Mraba wa katikati umepigwa hesabu kwa kitambaa cha sentimita 25 kila upande. Pini za upande wa ndani, ule unaoshonewa kitambaa, ziko milimita 5 kutoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo kila upande pini 50, hesabu nzuri imetulia, ukizingatia na nukta zote za katikati na za nje unakuta robo moja tu ya ukingo ina vitundu mia tano na ushee.

Faili nikaiweka kwenye flashi nikaenda duka la kopi lililopo karibu na stesheni. Jina silitaji, sitaki kesi. Kijana wa kaunta mchangamfu, nikamwambia vizuri kabisa, naomba uprinti kwa ukubwa ule ule uliopo kwenye faili, usipunguze usiongeze. Akasema haina shida. Akabofya bofya, mashine ikatoa karatasi, na karatasi nzuri kweli, nene, gramu 160, mistari myeusi tii, nukta kali hazina ukungu. Nikaona hapa ndo nimefika. Nikakosea kitu kimoja ambacho najilaumu mpaka kesho: pateni za watu waangalifu huwa zina mstari mdogo pembeni wa sentimita 10, umewekwa pale ili ukishaprinti uuwekee rula. Wangu ulikuwepo. Nilipofika nyumbani karatasi ikawa pana kidogo kuliko kadi, nikachukua mkasi nikakata pembeni. Nikaukata ule mstari. Mwenyewe. Kwa mkono wangu. Na rula ipo mezani.

Nikasuka upande wa kwanza, nikasuka kona (kona ya kwanza nilifumua mara tatu), nikasuka upande wa pili. Nafanya usiku nikitoka kazini, saa moja, saa moja na nusu, jumapili zaidi. Kitambaa changu nishakipinda pindo siku nyingi, sentimita 25 kamili, nimepiga pasi, kinasubiri. Siku hiyo nikasema hebu nijaribishe nione inavyopendeza. Nikakiweka ndani ya ile kona, kona kwa kona, nikanyoosha upande wa kwanza na kidole mpaka mwisho, kitambaa kikatokeza. Nikadhani nimekiweka vibaya. Nikarudia. Kimetokeza vile vile, karibu sentimita nzima kasoro kidogo. Upande wa pili hivyo hivyo.

Nikachukua rula. 24 na milimita mbili na nusu.

Hapo ndo nikajua kijana wa watu alibofya nini. Kwenye ile sehemu ya kuprinti kuna chaguo limeandikwa "fit", na kompyuta nyingi huwa limeshachaguliwa tayari hata hujagusa kitu. Printa nyingi haziwezi kuweka wino mpaka ukingoni kabisa mwa karatasi, kwa hiyo programu inajifanya kukusaidia, inaibana picha yote iingie ndani ya ile nafasi inayoprintika, na kwenye A4 mara nyingi inakuja kama asilimia 97. Barua ya ofisini ikipungua asilimia 3 nani atajua? Lakini hesabu na mimi. Milimita 5 ikawa 4.85. Tofauti milimita 0.15, kama nywele mbili hivi, macho gani yataona. Sasa zidisha mara pini 50. Milimita 7.5. Zidisha pande nne, sentimita 3 za lesi zimeyeyuka na wewe ulikuwa unasuka kila siku unaziona zipo.

Nilirudi dukani, sikwenda kwa shari, nilienda na lesi yenyewe na kitambaa na rula nikawaonyesha. Kijana akaangalia, akaniambia lakini ni asilimia tatu tu. Tu! Akasema ataniprintia nyingine bure. Sasa nifanyie nini hiyo ya bure ndugu yangu, wewe unanirudishia karatasi, mimi nimepoteza miezi. Haya, nikaipokea, nikaipimia pale pale kaunta, safari hii akiwa ameweka "actual size" mbele ya macho yangu, na unajua nini, bado haikuwa sawa! Mstari wa sentimita 10 wa kulala ulikuwa 10 kamili, wa kusimama 9.9. Mashine zingine za kopi ndo zilivyo, karatasi inapovutwa kupita kwenye zile rola inateleza kidogo na picha inabanwa upande mmoja. Kwa hiyo usipime mstari mmoja ukaridhika, pima wa kulala na wa kusimama, na kama pateni haina mstari wa kusimama pima nukta kumi au ishirini mwenyewe.

Nyota 2 kwa duka. Moja ya karatasi nzuri, moja ya kijana kutokunikaripia. Ukiwa na vyeti vya kutoa kopi nenda, ni pazuri, wepesi, bei nafuu. Pateni usipeleke.

Maktaba sasa. Yaani huku ndo nimepata faraja na wala sikutegemea, maana ile printa yao ni kubwa, kuukuu, inapiga kelele kama inasaga mahindi, na karatasi ni ile nyembamba ya kawaida. Lakini unakaa mwenyewe kwenye kompyuta, setingi unaziona mwenyewe, unachagua asilimia 100 mwenyewe, hakuna mtu wa kukuambia haina shida. Mara ya kwanza nikaprinti karatasi moja tu ya majaribio, nimepima kulala 10, kusimama 10, nikakaribia kumkumbatia mkutubi. Ni ya tona, yaani wino wa unga, sio ya wino wa maji kwa hiyo haichuji ukiilowesha.

Nikafanya kitu kimoja kwa uchungu tu. Nikachukua nakala ya ziada ya ile kopi ya kwanza ya duka na hii ya maktaba, nikaziweka moja juu ya nyingine nikazibandika kwenye kioo cha dirisha mchana, mwanga unapita. Nukta ya kwanza zimelaliana kabisa huwezi kujua ni mbili. Ya tano bado. Ya kumi zimeanza kuachana kama watu wawili waliogombana njiani. Ukifika ya hamsini, ile ya duka imebaki nyuma kabisa, iko kati ya ya 48 na ya 49 ya mwenzie. Nimezipiga picha nikampelekea mwalimu, akazionyesha darasa zima Alhamisi, sasa nimekuwa mfano.

Na mwalimu ndo akanikumbusha kwamba zamani hili tatizo halikuwepo. Pateni zilikuwa za ngozi, ile ngozi iliyokwanguliwa ya kuandikia, na ukitaka nakala unaweka ile ya zamani juu ya ngozi mpya unatoboa kupitia vitundu vile vile, tundu kwa tundu. Haipungui haiongezeki, hata ufanye nini ukubwa ni ule ule. Tatizo lao lilikuwa lingine, mtu akitoboa ovyo kitundu kikahama kidogo, anayenakili kwake anarithi lile kosa na kuongeza lake, ukifika nakala ya tano mstari umeshalewa. Na sio kwamba vitabu vya kuchapa havikuwepo, mwaka 1561 kule Zürich kiwanda cha Froschauer kilichapa kitabu cha pateni za lesi za bobini kilichotungwa na mwanamke tunayemjua kwa herufi mbili tu, R.M., na humo anasema lesi hii ililetwa kwao na wafanyabiashara kutoka Venezia mwaka 1536. Ila picha za wakati ule zilikuwa za kuangalia umbo, nukta hazikuwepo, hesabu ya pini unajijua mwenyewe.

Nimerudi kwenye maktaba, kasoro zake. Foleni. Mtu anakuja kuprinti tiketi ya ndege ya familia nzima. Halafu saa zao za kufungua kama za dukani kwa mangi siku ya msiba, leo wapo kesho hawapo. Na hawana A3, kwa hiyo pateni kubwa inabidi uikate vipande viwili uje uunganishe, na kuunganisha kuna mambo yake, usiweke ukingo kwa ukingo, acha vipande vilaliane kwa nukta kama sita hivi, chomeka pini kwenye zile nukta za pamoja zipite karatasi zote mbili ndo ugundishe. Nyota 4 na nusu.

Printa ya nyumbani, ile ndogo ya wino, nyota 3, na ningeipa zaidi kama sio wino wenyewe. Vipimo vyake viko karibu sawa, ule mstari wa sentimita 10 ulitoka 9.95, nikaisahihisha. Kusahihisha ni rahisi msiogope hesabu: chukua urefu unaotakiwa, gawa kwa ule uliopima, zidisha 100, namba utakayopata ndo unaiandika kwenye asilimia. Mfano yangu ya duka, 10 gawa kwa 9.7 unapata 103.1 hivi, ukiprinti kwa hiyo inarudi mahali pake. Kwa hiyo ukubwa sio shida. Shida ni kwamba wino wa maji ukikutana na jasho la kiganja unahama, na uzi ni mweupe. Nilishawahi kusuka kialamisho cha kitabu juu ya karatasi ya printa hii bila kuifunika na kitu, mwezi wa saba, joto lile la siku tatu wanaloliita huku kiangazi, kikatoka na kivuli cha kijivu upande mmoja kama kimelala jikoni. Sijakitoa zawadi, ninacho mwenyewe.

Na usiprinti kutoka kwenye simu. Simu nyingi hata haikuulizi, inabana tu. Halafu pateni ukinunua kwa mtu wa Marekani angalia sana, karatasi yao sio A4, yao ni fupi, milimita 279 wakati A4 ni 297, na ni pana kidogo. Na wao wakiprinti ya kwetu kwa kubana inashuka mpaka kama asilimia 94. Kuna dada darasani aliletewa kopi tayari imeprintiwa kutoka kule, akasuka na uzi ulioandikwa kwenye maelekezo, lesi ikatoka nene ngumu kama kitambaa cha gunia maana nafasi zimepungua na uzi haujapungua. Ndo maana ukiamua mwenyewe kukuza au kupunguza pateni lazima na uzi ubadilishe. Hapa kuna kaujanja, zungusha uzi kwenye rula, mzunguko ukae karibu karibu bila kupandana, hesabu umeingia mara ngapi ndani ya sentimita 1. Ukikuza pateni kwa moja na nusu, tafuta uzi ambao mizunguko yake ni kama theluthi mbili ya ile ya mwanzo. Wengine wanakadiria kwa macho, mi macho yangu siyaamini tena, mmeona yaliyonikuta.

Sasa karatasi ukishaipata sawa haiendi mtoni hivi hivi, yaani haiendi kwenye mto (hili neno linanichekesha kila siku). Lazima uibandike kwenye kadi. Nimetumia ile kadi ya kahawia inayong'aa wanayouza maduka ya lesi, na nimetumia faili la ofisi la kawaida. Ya kahawia ni ngumu, inashika pini wima haiyumbi, unaweza ukaitumia kwa leso kumi na vitundu havijalegea, lakini bei imechangamka. Faili la ofisi kwa kazi ya mara moja mbili linatosha kabisa na msidanganywe.

Juu yake ndo inakuja ile plastiki nyembamba ya bluu ya kubandika, na hapa natoa nyota 5 bila kufikiria. Ina gundi nyuma, unamenya kama stika, unaivuta taratibu juu ya pateni huku unafuta na rula hewa isibaki. Kazi yake ya kwanza, uzi haugusi wino wala tona. Ya pili, uzi mweupe juu ya bluu unauona, juu ya karatasi nyeupe baada ya nusu saa macho yanalia. Ya tatu na ndo watu hawaijui mpaka wakosee, haing'ai. Mi kwa ubahili mwanzo nilitumia ile plastiki ya kufunikia madaftari, mnaikumbuka, wenye nazo walikuwa wanafunikia juu ya karatasi ya kaki halafu daftari linateleza kama samaki. Nikaona plastiki ni plastiki. Kuwasha taa ya mezani tu, pateni yote ikawa kioo, naona balbu na pua yangu. Nikaibandua ikatoka na nukta zangu zote. Nunueni ya bluu, msiwe kama mimi.

Kasoro yake ni moja, ukiibandika imepinda huibandui. Una nafasi moja. Mi sasa namenya kipande kidogo cha juu kwanza, nakilaza, ndo navuta karatasi ya nyuma kidogo kidogo kama mtu anayebandika skrini ya simu pale Kariakoo, wale vijana wale hawapumui mpaka imekaa.

Kutoboa. Sitakaa sana hapa maana ni uvumilivu tu, ila kuna mambo mawili matatu. Sindano namba 8 imefungwa kwenye kishikio chake, chini weka kizibo bapa au boksi la povu, sindano isimame wima kabisa, ukiilaza kidogo kitundu cha juu na cha chini haviko pamoja na pini itakulalia. Mwalimu anachovya sindano kwenye nta kila baada ya vitundu kama ishirini, nilidhani ni mapozi ya kizee, nikajaribu, ee bwana inaingia kama kwenye siagi. Ule mstari wa ndani wa pini 50 weka rula pembeni, toboa ukiifuata, kwa sababu huo ndo jicho litauona kwanza umenyooka au umelewa. Ukimaliza inua kadi juu kwenye mwanga, vitundu vinawaka kama nyota, na penye giza ndo uliporuka. Mi kwenye robo hii niliruka saba. Robo nzima ilinichukua jioni mbili na redio.

Mwalimu alipoona kitambaa changu kimeshapindwa pindo ndo akanigeuzia kibao. Akasema duka limekosea sawa, na wewe nani alikutuma upinde kitambaa kabla lesi haijaisha? Lesi kwanza. Unasuka mpaka mwisho, unaitoa mtoni, unaipima, halafu kitambaa ndo kinakatwa kuifuata, maana hata pateni ikiwa sahihi kabisa uzi ukiachiwa pini unajivuta kidogo. Kimya. Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo uamuzi ndo huo, nimefumua pindo, kitambaa kitashuka mpaka kwenye 24 na robo au popote lesi itakapofikia. Ile pateni safi ya maktaba, yenye bluu yake haina hata povu moja la hewa, imekaa kwenye droo, siwezi kuitumia leso hii maana nikiichanganya na ile mbovu pande mbili zitakuwa fupi na mbili ndefu. Lazima nimalizie na kadi ile ile ya duka. Kila jioni naikalia naiangalia hivi, ya kwangu hiyo. Bibi harusi sijamwambia kitu, ananiuliza tu mama mdogo umefika wapi, namwambia nakuja mwanangu, upande wa tatu huu, pini ya 31.